Mzee wa Uswidi Mbele ya Bahari

Dada Nduku,

Natumaini mmeamka salama. Huku Doha joto linachoma hata kivulini. Yule mzee wa Uswidi ninayemuuguza nyumbani kwa binti yake, hapa mtaa wa Al Sadd, alikuwa nahodha wa manowari, kisha waziri wa chama cha wahafidhina. Leo nilimpeleka baharini kwa kiti cha magurudumu. Alipoyaona maji akapiga saluti, halafu akaniuliza, "Sista, mimi nilikuwa nani?" Nikamweleza yote. Akalia. "Mbona basi hakuna anayenitafuta?"

Nilimfuta machozi nikimwaza baba yetu, ambaye wiki jana alinisikia kwenye simu akasema, "Huyu simjui." Mwambie baba kwamba Mueni wake anampenda, hata akisema tena hanijui.

Mdogo wako,
Mueni