Alama ya kumi na mbili

Jumapili, 17 Mei. Mvua tangu asubuhi, na mtaa wetu wa Nyakasanza wote ni tope.

Leo nimechoka. Si miguu tu, ingawa nayo bado inalalamika tangu safari ya Jumamosi ya wiki iliyopita. Nimechoka kama mtu aliyefanya jambo kwa moyo wote, kisha akaambiwa ameliharibu, na anajua ni kweli.

Ngoja nianze mwanzo.

Juu ya shamba letu la zamani, upande wa Nyankunde, kuna jiwe kubwa lililoinama kama paa. Chini yake, ukutani, kuna alama nyekundu: mduara wenye miali, mistari michache, na safu ya madoa, kila moja likiwa sawa na ncha ya kidole. Nani alizichora? Bibi zetu walizikuta, na bibi zao pia walizikuta. Wengine husema ni watu wa msituni wa zamani sana, wengine husema ni Mungu mwenyewe. Mimi nafundisha historia katika sekondari moja hapa mjini, na sina jibu linaloyashinda hayo.

Aliyekuwa akiisoma ile safu ni shangazi yangu Mave, dada ya marehemu baba. Zamani tukiwa bado shambani, majirani walikuwa wakituma mtu kumuuliza: tupande, au tungoje? Shangazi alikuwa akiamka kabla ya jua na kukaa chini ya jiwe, akitafuta upande wa mashariki kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana. Yeye huziita kwa lugha ya nyumbani. Kiswahili cha vitabuni ni Kilimia. Kisha alikuwa akihesabu madoa, doa moja kwa kila mwezi. Msidhani ni mtu wa maajabu. Ni mwanamke mkali, chai yake lazima isimamishe kijiko kwa sukari, na anaona wahubiri wote wanasema mno. Lakini maharage yake hayakukosana na mvua.

Halafu vita vikaja, tukakimbia. Sasa anakaa kwa mwanawe, mtaa wa pili kutoka kwangu, jicho moja limefunikwa na ukungu, na hakuna anayemuuliza tena wakati wa kupanda. Tangu tufike hapa Bunia ameniomba kitu kimoja tu: niende nione kama jiwe liko bado.

Barabara ilipotulia kidogo, nikapanda pikipiki nikaenda, na kutoka shambani nikapanda juu kwa miguu.

Jiwe liko. Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi, na sehemu ya moshi huo ni yetu wenyewe. Tulipokimbia tulilala pale siku tatu, tukawasha moto chini ya zile alama bila hata kuzitazama. Nilisimama nikalia kidogo, kisha nikatoa simu nipige picha. Simu haikuona kitu. Wekundu ulikuwa umefifia mno.

Sasa sikieni ujinga wa mwalimu. Mkobani mwangu hamkosi chaki, hata siku ya kanisa. Nikaitoa. Nikaupitia ule mduara, nikaipitia mistari, nikayapaka madoa moja baada ya jingine, kama ninavyokoleza maandishi ubaoni kwa ajili ya wale wanaokaa nyuma. Nikahesabu: kumi na moja. Kati ya la sita na la saba palikuwa na nafasi, upana wa doa moja kamili.

Miezi ni kumi na miwili. Nimesahihisha maelfu ya mazoezi ya "jaza nafasi iliyo wazi". Nikasema moyoni, hili limefutika, maskini.

Nikaijaza.

Picha ikatoka nzuri ajabu. Na hapa kuna kosa la pili, ambalo linaniuma kuliko la kwanza. Nilipaswa kumpelekea Shangazi kabla ya mtu yeyote. Mimi nilimwonyesha kwanza Prefe, mkuu wa shule yetu, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Nilisifiwa. "Madame, hii ni kalendrie ya bankambo!" alisema, yaani kalenda ya mababu, na walimu wote wakaja kutazama. Wazee wetu walijua miezi kumi na miwili kabla ya mzungu kuja! Nilivimba kichwa wiki nzima. Prefe akaagiza ichorwe kwenye ukuta wa mbele wa shule. Mchoraji anakuja kesho, baada ya kupandisha bendera.

Jana nikaichapisha picha kwenye karatasi kubwa. Leo baada ya ibada nikaifunga kwa plastiki, nikapita kwenye tope hadi kwa Shangazi.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akapangusa mikono, akaisogeza karatasi karibu na jicho lake zima, akaanza kuhesabu kwa kidole. Midomo yake ilikuwa inacheka. Alipofika katikati, kicheko kikaisha. Akarudi mwanzo.

"Nani alitia hii?"

"Ni miye, Shangazi. Nilizani ilifutika."

"Haikufutika. Hakukuwa kitu pale. Hiyo mwezi nyota haiko. Kitu haiko, utaiandika namna gani?"

Nikakaa chini.

Akanieleza, kwa uvumilivu ambao sikuuzoea kwake. Kila mwaka zile nyota hufuata jua mpaka zinapotea. Zinakaa mwezi mzima bila kuonekana, si jioni wala alfajiri, kisha siku moja zinatokea tena mashariki kabla ya jua. Huo mwezi hauna doa. Ukiona zimepotea, hupandi maharage tena, hata mvua ikunyeshee kichwani na kukubembeleza. Ukipanda, yatatoa maua wakati mvua inakatika. Unapalilia yaliyopo, unangoja. Kumbe nafasi ile ndiyo iliyokuwa jibu la swali walilokuwa wanamletea majirani.

Na huo mwezi ndio huu. Mvua hii inayogonga bati ninapoandika ni ile inayobembeleza.

Sijui kama waliochora ukuta ule walikuwa na maana hiyo hiyo. Huenda walikuwa na nyingine kabisa. Lakini waliacha mahali patupu, na wanawake wa ukoo wetu wakapaheshimu vizazi kwa vizazi, mpaka akaja mwenye diploma.

Mbaya zaidi, siwezi kwenda kuisugua ile chaki. Nikitia maji, wekundu wote utaondoka pamoja na chaki. Pale chini mvua haifiki. Chaki yangu huenda ikadumu kuliko mimi, na atakayefika kesho kutwa atahesabu kumi na mbili na kurudi nyumbani ameridhika.

Niungame jambo moja hapa, maana kwa nani mwingine nitaliungama. Nikiwa njiani kurudi, wazo lilinijia: nyamaza. Nani atajua? Shangazi hatoki nje, hatauona ukuta wa shule. Kumi na mbili inapendeza, watoto wataielewa upesi, Prefe atafurahi, nami nitabaki Madame aliyeleta kalendrie. Nimechoka kupoteza vitu. Mara hii moja nilitaka niwe nimepata.

Nililibeba wazo hilo hadi mlangoni kwangu. Kisha nikageuka nikarudi kwa Shangazi, viatu vizito kwa tope.

Nikamwomba anionyeshe safu ilivyo, niipige picha. Akasogeza maharage pembeni mwa ungo, akachagua mekundu, akayapanga: moja, mbili, mpaka sita. Akaacha nafasi. Akaendelea hadi kumi na moja. Ungo ukayumba, haragwe moja likabingirika kuelekea pale patupu. Akapaziba kwa kidole gumba.

"Piga sasa," akasema.

Nikapiga. Maharage kumi na moja na kidole cha mzee, kucha imepasuka, udongo wa Nyankunde sijui kama bado umo ndani yake au ni macho yangu.

Nimemtumia Prefe picha hiyo muda mfupi uliopita. Nimemwandikia: ile ya kwanza ni kosa langu mwenyewe, naomba radhi, hapa penye kidole, mchoraji asiweke kitu. Ameiona. Hajajibu. Kila mstari naigeukia simu, kama mwanafunzi anayengoja alama zake.

Asipokubali, kesho nitasimama mbele ya ukuta ule na kuweka kidole changu hapo mpaka rangi ya mengine ikauke.