Geti Ulilosema ni la Baba Rehema

Mke wangu Mama Rehema,

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika kaka zangu wote, nimechosha tivii tatu, na sasa nimekuzika wewe uliyekuwa mdogo kwangu. Kuandika si kazi yangu, unajua niliishia darasa la pili. Lakini ubingwa ninao, na hilo unalijua pia.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipomwagika Kariakoo, ni mimi niliyekuwa wa kwanza kuleta mashine ya gemu kwenye jengo letu la Mchafukoge. Gemu ya ndege tu. Wewe unapika, mimi natungua. Ukasimama mlangoni na mwiko: "Baba Rehema, kila adui unajua atatokea wapi. Huo ushujaa au mazoea?"

"Bingwa habadilishi uwanja, mama."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Ndipo ukanunua kaseti yako ya gemu, ya ndugu wawili wanaotembea msituni. "Njoo tujaribu," ukasema. Nikasema kesho. Ulipokwenda kwa dada yako Ilala niliijaribu peke yangu, nisije nikashindwa mbele yako. Nikafika geti la kwanza, halifunguki. Nimebonyeza kila kitu, wapi! Uliporudi nikakutangazia: "Mbovu hiyo. Umeibiwa." Uliipuliza vumbi ukairudisha kwenye boksi, na hukuniita tena.

Juzi, baada ya arobaini yako, Bhavna wa ghorofa ya juu alikuja kunijulia hali, akaiona ile kaseti, nikamwambia ni mbovu. Akacheka huku anafuta machozi.

"Baba Rehema, mbovu wapi? Geti linafunguka wakisimama wawili, kila mmoja kwenye jiwe lake. Mimi na Mama Rehema tulikuwa tunacheza ukienda msikitini."

"Mkaimaliza?"

"Geti la mwisho alikataa. Kila nikimwambia twende, anasema, 'Hilo la Baba Rehema. Ipo siku atakuja.'"

Mama Rehema, tulikuwa nyumba moja, na sikuja.

Bhavna anataka tukalimalize. Nimemkatalia. Watasema ni ubishi wangu uleule, waseme. Jiwe moja pale ni lako, sitaki kuona mtu mwingine amesimama juu yake.

Mungu akulaze pema. Anayedhani nimetia chumvi apande ghorofa ya juu amuulize Bhavna. Yeye ndiye aliyekuona ukinisubiri.

Mumeo,
Baba Rehema