Ndege ya Viti Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Nimelifungua boksi la ndege ya kuunganisha. Vipande mia na kitu vya plastiki ya kijivu, vingine vidogo kuliko vifungo vya shati la mtoto. Mimi kazi yangu cherehani, ndege nazijulia wapi! Lakini mdogo wangu amelala chali miezi saba sasa, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, na kitu pekee alichoomba ni hiki: jeti kama ile aliyokuwa akirusha, ining'inie juu ya kitanda. Iwe inaruka. Isiwe imetua — kasisitiza.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe kuiweka hewani ndiyo kazi. Magurudumu yakunjwe, na vifuniko vyake vya tumboni mwa ndege vimeundwa vikae wazi, havifungi. Nimevipiga msasa mpaka kidole kikatoka damu. Nikamwonyesha. Akasema kuna mwanya, upepo ungeving'oa. Upepo gani, humu chumbani? Nimerudia upya.

Jumapili, 9 Machi
Sikugusa. Daktari kaja, hana jipya. Mdogo wangu kageukia ukuta. Hajala.

Alhamisi, 13 Machi
Ndege iliyo angani lazima iwe na watu. Boksi lilikuja na marubani wawili, urefu wa ukucha. Nimewapaka rangi kwa ncha ya sindano. Nikamuuliza yeye alikuwa akikaa wapi. Mbele, akasema. Kisha:

"Dada, huyo wa mbele usimweke. Mimi nilitoka. Weka wa nyuma tu."

Miezi yote hii hajaitaja siku ile. Kwamba ndege ilipoanguka kiti chake kilimrusha nje na cha mwenzake kikagoma, niliambiwa na watu wa kambini, si yeye. Nikaanza kumwambia si kosa lake. Akanikatiza: nibandike kioo cha juu ya viti, gundi inakauka.

Nimebandika. Kiti cha mbele kitupu. Nimelia juu ya cherehani kama mjinga.

Jumamosi, 15 Machi
Imening'inia. Nyuzi mbili za nailoni, imelalia bawa la kushoto kama alivyotaka. Kaitazama asubuhi nzima. Nilidhani itampoza. Kumbe nimemtundikia msiba juu ya uso!

Saa tisa kaingia mama wa mwenzake, bila taarifa. Tangu mazishi hajakanyaga hapa. Nikamkaribisha sebuleni, akapitiliza chumbani. Akasimama chini ya ndege, akavaa miwani, akaangalia weee. Halafu akauliza, taratibu:

"Mbona mwanangu yuko peke yake?"

Mdogo wangu akafumba macho. Mimi nikakimbilia jikoni, eti chai. Maji yamechemka mpaka yamepungua nusu, nami niko hapa na daftari. Wamo ndani wawili. Nimesikia stuli ikiburutwa — nadhani kakaa karibu na kitanda. Naogopa kuingia.

Sasa kuna anayelia. Siwezi kujua ni nani kati yao.