Jua Limehamia Upande wa Mlimani

Mutsamudu, mwishoni mwa Dhulkaada (Novemba 1977)

Kwa mdogo wangu mpenzi Zoubeir,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimepoa, na hao mabaharia wenzako wa Dunkirk hawajakuzoesha kulala bila kuswali. Mimi mwili haujambo, alhamdulillah. Roho ndiyo sijui niseme nini. Nina jambo zito, na lina haraka, lakini niache nilifikie taratibu.

Nakuandikia Kiswahili kama marehemu baba alivyotufundisha Unguja. Barua ikianguka mikononi mwa vijana wa kamati ya mapinduzi, wataokota neno hapa na neno pale. Haipiti posta. Mama Charifa wa Hombo anakwenda Moroni kwa bintiye, pale Magoudjou, na bintiye anamjua mtu wa kusafiri.

Rambirambi zako za mume wangu zilinifikia. Nilisoma kwamba mlikusanyika Wangazija na Wanzuwani wote wa bandarini, mkamswalia Mwalimu Taki swala ya asiyekuwepo na kumsomea hitima. Nililia sana, Zoubeir. Kwa nini nililia, utajua.

Basi niko edani tangu lile boti alilokimbilia nalo Maore, kwa Wafaransa, lilipopinduka. Sitoki. Mji umebadilika hata nikitoka sijui ningekwenda wapi. Ofisi zimefungwa, makaratasi yamechomwa, mtoto wa jana ana bunduki anamuuliza mzee anatoka wapi. Harusi kubwa marufuku, matanga makubwa marufuku, chuo cha mume wangu kimetiwa kufuli tangu alipokataa kuwaachisha watoto Kurani. Ajabu ni kwamba hao hao vijana wanaocheka mila, wakifika mlangoni wakaambiwa ndani kuna mjane wa eda, hurudi nyuma. Aibu ya mama zao bado wanayo.

Katika barua yako ya kabla ya hapo, nawe ulikuwa hujapata habari, uliniomba nimuulize Mwalimu kwa nini huko jua la Desemba halipandi, linatambaa tu juu ya mapaa kisha linazama kabla hujatoka kazini, na mwezi wa Juni linakataa kuzama hata magharibi inakuchosha kuingoja, wakati hapa kwetu magharibi haisogei ila kidogo. Jibu ninalo. Anasema dunia imeinama, kama mtu anayelalia ubavu mmoja, na inalizunguka jua vivyo hivyo bila kujinyoosha. Miezi fulani ubavu wa kaskazini, wenu, ndio unaolielekea jua. Miezi mingine ni wetu. Alinichukulia limau na kandili. Mwanga ukipiga katikati ya limau unatua wima, doa dogo lenye nguvu. Ukipiga kwenye ncha unateleza, doa linatanuka na kufifia. Ninyi mko karibu na ncha, mnagawiwa joto lililonyooshwa kama uji wa wageni wengi. Nayo ncha ikielekea mbali na kandili, inapata nuru muda mfupi tu kila limau linapozunguka. Sisi tuko karibu na katikati. Mchana wetu na usiku wetu hawagombani sana.

Lakini hata hapa jua linahama. Wakati wa ubaridi wetu, mwezi wa sita na wa saba, linapita upande wa kibla, upande wa baharini. Mwezi wa kumi linafika juu ya vichwa, adhuhuri mtu anakanyaga kivuli chake. Kisha linavuka, linakwenda upande wa mlimani, na halirudi juu ya vichwa mpaka mwezi wa pili.

Hapo ndipo lilipoanza kunitesa. Unakijua chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama ngazi za ngome. Mwezi wa saba kilikuwa giza kama mtungi; aliye ngazini aliona tundu jeusi tu. Sasa kila asubuhi jua linaingia, ukuta mweupe unawaka chumba kizima, na vijana wenye bunduki wanapanda na kushuka ngazi hizo. Nikatundika shiromani langu jekundu, nguo yangu ya kujitanda, dirishani. Jirani yangu Bahiat akapiga kelele kutoka kwenye paa lake: mwanamke we, mjane gani anapamba dirisha, au umeshapata mchumba? Wanawake wakacheka mtaa mzima. Nikajibu kwamba jua linanichomea mchele. Akasema mchele huo lazima ni mtamu, mbona unafichwa hivyo. Alikuwa anatania tu. Nililitoa shiromani nikiwa nimelowa jasho.

Zoubeir, Taki hakufa.

Bahari ilimtupa ufukweni mbali na wenzake. Siku ya tatu ya msiba, nyumba imejaa waliaji, Mama Charifa aliingia na mwanamke mrefu aliyejifunika gubigubi. Nikaona miguu, nikaijua. Nikainamisha uso nikaendelea kulia, na watu wakanihurumia, maskini Bahia. Sikupanga uongo huu. Watu ndio waliotangaza kifo chake. Mimi nilikuwa nimeshakaa edani, na dhambi yangu ni kwamba sikuinuka. Amekaa chumba hicho tangu siku ile. Alisikia hitima yake mwenyewe kupitia ukutani, akaniambia baadaye kwamba Bahiat aliruka aya. Tulicheka tukiwa tumezibana midomo kwa mikono. Lakini ninaposujudu sijui nimwambie nini Mola wangu, na ninyi huko mmemswalia mtu anayekula muhogo wangu kila siku.

Yeye aliyewafundisha watoto saa za swala kwa kivuli cha kijiti ndiye aliyechagua chumba kile, kwa giza lake. Hofu ilimsahaulisha kwamba jua litavuka. Sasa asubuhi nzima analala chini, amejibana chini ya dirisha, mpaka mwanga uondoke. Hawezi hata kusimama kuswali dhuha.

Na eda yangu inaisha wiki chache baada ya Idd kubwa. Unaijua desturi: wanawake watakuja kunikosha, wataifungua nyumba yote, kila chumba, kila pazia, wafagie msiba. Sina pa kumweka. Wakimwona, kamati itamchukua, na sijui kama atarudi.

Rafiki yako Mdahoma yuko Maore na ana boti. Posta ya kutoka kwenu inamfikia. Mwandikie siku hiyo hiyo utakayosoma maneno haya, umwombe aje upande wa Hombo, amwulizie Mama Charifa, amvushe Taki kabla eda haijaisha.

Taki anakusalimu, na anakuomba radhi kwa hitima. Wasalimie wote waliomwombea, ila usiwaambie kitu.

Nijibu upesi kwa anwani ya Magoudjou, hata kama ni neno moja.

Ni mimi dada yako,
Bahia