Maharamia wa Mau Narok

Mau Narok, Agosti 1954

Dada yangu Wachuka,

Nakusalimu mimi Kahiga, mtu ambaye asipoamka hakuna mzungu huku Mau Narok anayekunywa chai. Hujambo? Mgongo umepoa? Watoto na mbuzi ni wazima? Huku baridi inang'ata watu, lakini mimi inaniogopa.

Dada, kaa chini kwanza. Thuo mwanao amepigwa, ila yu hai.

Ilikuwa hivi. Jeni, mtoto wa memsahibu, anatimiza miaka sita, na mamake alitaka sherehe ya maharamia na vijimalaika. Vijimalaika wana mabawa lakini hawasali. Maharamia, alinieleza, ni wezi wa baharini, jicho moja na panga mkononi. Nikamwambia, mama, kwa hali hii ya hatari, mtu wetu akionekana na panga anazikwa nayo. Hata ya kukatia kuni hufungiwa stoo kila jioni. Akacheka, akasema hizi ni za mbao. Basi Thuo, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika randa, akazichonga, akazivisha ile karatasi ya kung'aa inayokuja ndani ya sanduku la chai.

Jumamosi memsahibu alikwenda Nakuru kutafuta mishumaa ya keki. Thuo akajifunga kitambaa cheusi jichoni, akawa nyuma ya ghala la ngano anajaribu panga, anaruka, anapiga kelele kama alivyoagizwa awafundishe watoto. Askari wa doria wakamwona kutoka barabarani.

Hawakuuliza kitu. Kitako cha bunduki kilimtoa meno, kingine kikamlaza. Wakamkanyaga mkono wa randa, nami nikausikia mfupa ukikatika nikiwa jikoni. Koplo alikuwa akimwita Jenerali wa Mau Mau, akimwuliza jeshi lake amelificha wapi. Thuo akijaribu kusema panga ni mti, damu imejaa kinywani, neno halitoki. Wakamtia kamba shingoni, wakamburuta hadi ukutani, wakakoki bunduki.

Hapo nikatoka mimi. Nilitoka kama simba, nikasimama kati yake na bunduki, nikanguruma. Askari kuniona tu, wakaanguka chini mmoja mmoja, silaha zikiwatoka mikononi! Nikaokota panga, nikaivunja gotini, wakaona ni ubao mtupu. Wakamfungua.

Sasa amelala kwangu. Mkono umefungwa vijiti, uji anakunywa kwa upande mmoja wa mdomo. Daktari amesema randa ataishika tena. Sherehe itakuwa ya vijimalaika peke yao.

Lakini dada, Thuo akipata mdomo atakusimulia kivyake, heri uanze kwangu. Hawakuanguka kwa hofu. Jeni alikuwa jikoni ananipima mabawa ya chandarua, amenivalisha na gaguro la mamake, ile sketi nyeupe ya ndani, na niliposikia Thuo akilia sikukumbuka kuvua. Walianguka kwa kucheka.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mtuombee.

Hata leo asubuhi koplo amepita hapa, akaniita mbele ya watu, bibi arusi, hujambo? Nikamwitikia sijambo, bwana. Ningefanyaje, na Thuo bado amelala humu ndani kwangu?

Ni mimi ndugu yako,
Kahiga