Kikao Ambacho Hakuna Aliyepinga

Mae Sot,
12 Februari 2017.

Mpendwa mwanangu Nwe Oo,

Leo imetimia miaka ishirini na saba tangu nivuke mto wa mpakani kuja upande huu, ugenini. Hujambo? Mama yako anaendeleaje na magoti yake? Mimi nipo. Kikohozi kimepungua, ila macho yananilazimu kuandika karibu na dirisha.

Barua yako ilifika pamoja na majani ya chai yaliyochachuliwa. Ninayala kidogo kidogo na karanga, yasiishe upesi.

Hongera kwa kuteuliwa katibu wa kamati ya taifa ya kurahisisha biashara na nchi za nje. Unasema wajumbe ni thelathini na wawili, na wafanyabiashara ni wawili tu, wamewekwa mwisho wa meza. Unasema pia kikao cha kwanza kilikwisha kwa saa moja, hakuna aliyepinga lolote. Umeliandika hilo kama habari njema. Mimi nilipolisoma niliiweka barua chini.

Marehemu baba yako hakupenda kukusimulia haya, basi nikusimulie mimi. Mwaka 1989 nilikuwa katibu wa kamati kama hiyo, ndogo, ya kivuko chetu. Baba yako, wakala wa kutoa mizigo forodhani, aliwawakilisha wafanyabiashara. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wake wa zamani.

Msimu wa kuvuna mpunga, masanduku manne ya dawa ya sumu ya nyoka yalikwama gatini. Watu wa forodha walisubiri muhuri wa afya, wa afya wakasubiri muhuri wa forodha, na barafu ya kuipoza dawa ikawa inayeyuka. Siku ya tatu tukakaa kikao.

"Tun Yin, huko mtoni mambo yanakwenda?" Mwenyekiti akamuuliza baba yako.

"Yanakwenda, Mwalimu."

Tulipotoka nilimvaa. "We Tun Yin, dawa inapikwa na jua, halafu unasema yanakwenda?"

"Kaka, ningemuumbuaje mbele za watu? Yule ndiye aliyenifundisha kusoma."

"Basi na wewe kamsomee tarehe iliyoandikwa kwenye masanduku!"

Alicheka, akasema atampitia nyumbani na vitumbua, amweleze polepole. Alipokwenda, Mwenyekiti alikuwa safarini.

Usimlaumu yeye peke yake. Nilijua yote, na katika kumbukumbu za kikao niliandika kwa mkono wangu: "Wajumbe hawakuona tatizo."

Siku ya tisa San Yee, binti wa shangazi yako, aliumwa na nyoka akivuna. Hospitali haikuwa na dawa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Masanduku yalitoka siku ya kumi na moja, dawa imekwisha kuharibika.

Baada ya mazishi niliziandika upya kumbukumbu zile, safari hii kwa ukweli na kwa majina, nikazipeleka juu. Nikafukuzwa kazi, kisha watu nisiowajua wakaanza kuniulizia nyumbani. Nikavuka.

Hatukuwa watu wabaya. Ni ile tabia tunayoiita kwetu "aana", tuliyolelewa nayo, ya kuona vibaya kumkwaza mkubwa. Nyumbani ni adabu. Mezani pa kamati, iliua.

Kwa hiyo usiwaketishe wajumbe kwa vyeo. Madereva na mawakala waseme kwanza, kabla mwenyekiti hajafungua kinywa. Kila mzigo uliokwama usomwe pamoja na siku zake, na itajwe ofisi moja ya kuujibia. Anayesema "yanakwenda" aulizwe: mzigo gani, ulitoka lini?

Umeniomba nirudi niwe mshauri wenu. Umesema chumba changu kimepakwa chokaa. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Nakitamani chumba hicho kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini nikiingia pale na mvi hizi, baba mkubwa wa katibu, wote watainama na kunyamaza, wewe wa kwanza. Hata katika barua yako, pale ninapojua hukubaliani nami, umeandika "kama Baba Mkubwa atakavyoona vema."

Nisalimie mama yako Daw Ohn Kyi, na shangazi yako. Mwambie siku ya kumkumbuka San Yee nitawapelekea watawa chakula, kama kila mwaka. Nakuombea afya, uepukane na hatari, na upate watu wa kukupinga.

Mimi sitarudi, mwanangu.

Akupendaye hata kwa mbali,
Baba yako Mkubwa,
Thein Htut