Asumini za Kutokea Eda

Malindi, 3 Novemba 2024

Mwanangu Safaa,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, hajambo mumeo Swafwan, na huyo aliyemo tumboni aliyekulaza kitandani kabla hata hajazaliwa? Mimi sijambo, namshukuru Mola. Simu usinipigie. Nikisikia sauti yako nalia, na mke wa ami yako huja mbio kuuliza kuna nini. Barua zanitosha, maadamu Chengo na gari lake la mboga hupita huko kila siku.

Ami yako Abdillahi anaujenga upya ukuta wa uani, na muasumini wa marehemu babako, ulioegemea ukuta huo, lazima ukatwe. Simlaumu, ukuta umelala, utaangukia watoto. Lakini mafundi hawangoji eda. Mimi natoka eda Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili, na siku hiyo nilitaka nioge, nijipambe, nivae asumini za mume wangu mara moja, niziage. Kwa sasa siruhusiwi hata ua moja.

Nakuletea matawi yenye matumba. Mie najua asumini za kutunga tu: uzichume alasiri hazijafunguka, uzifunge kwa kitambaa kibichi na jani la mgomba. Hizo hufika alfajiri, basi. Wewe ulikuwa ukipanga maua kwenye nyumba za wageni. Niwekee mpaka siku yangu.

Mamako

Kilifi, 5 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na mjukuu wako anapiga mateke kama mwenye nyumba. Matawi yamefika salama.

Nimefanya kila nilichofunzwa. Nimekata ncha mshazari kwa kisu kikali, nikaondoa majani ambayo yangezama, maana yakioza huchafua maji. Chupa nimeiosha kwa sabuni. Kila asubuhi natia maji mapya, na tone la ndimu na chembe ya sukari. Swafwan analalamika kwamba maua yanakunywa sharubati na yeye anapewa chai kavu. Maembe yake nayo nimeyafukuza chumbani, kwani tunda linaloiva hulinyausha ua haraka.

Ila tusidanganyane, Mama. Asumini ikishafunguka haina siku mbili. Tegemeo langu ni yale matumba madogo kama punje za mchele.

Mwanao Safaa

Malindi, 6 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Sukari na ndimu! Babako angekwambia uyapikie maua na mahamri. Endelea hivyo hivyo. Leo wameukata ule mti, nikafunga dirisha.

Mamako

Kilifi, 8 Novemba

Mama,

Shikamoo. Sijui nianze vipi. Jana usiku wa kuamkia Ijumaa nilifukiza udi, kama ulivyonilea. Chetezo nikakiweka pale pale karibu na chupa. Asubuhi matumba yote yalikuwa chini, hata zile punje. Bibi niliyekuwa nikipanga naye maua ananiambia moshi huyapukutisha kuliko jua. Mimi sikujua, Mama. Siku zote nilidhani udi hauwezi kudhuru kitu.

Matawi matupu nimeshindwa kuyatupa. Nijibu hata neno moja.

Mwanao Safaa

Kilifi, 20 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Chengo asema u mzima, lakini akibisha kuuliza barua wamwambia hakuna. Kununa huko nakujua, nimekurithi mwenyewe.

Nimeendelea kuyabadilishia maji yale matawi, kwa kuwa mkono ulishazoea na mimi sina kazi. Leo nimeona vizizi vyeupe kwenye matawi mawili. Nilivyopiga kelele, Swafwan akadhani uchungu umenishika, akaja mbio na kiatu kimoja.

Ijumaa hutavaa asumini za Baba, na hilo linaniuma. Maua yamenishinda. Lakini mti wake ninao hapa, ndani ya chupa.

Mwanao Safaa

Malindi, 22 Novemba

Safaa wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Nilikukasirikia siku moja tu. Zilizobaki nilikuwa nautazama ule ukuta mpya, sina la kuandika. Barua yako nimeisoma mpaka mke wa ami yako akaniuliza tena kuna nini. Safari hii nilimwambia.

Usiutie mchangani mpaka nije. Wewe umelala, na Swafwan jembe halijui. Mche wataka shimo la kina cha goti na samadi ya mbuzi iliyokauka. Kesho napanda gari la Chengo, nami sirudi mpaka uzae na upate nguvu.

Leo nimeoga, nimevaa nguo mpya. Wanawake wamejaa, na mke wa ami yako, Mungu ampe kheri, kaninunulia asumini sokoni, kazitunga vizuri. Akataka kunivika. Nikamshika mkono, nikamwambia ahsante, azivae yeye. Mimi zangu ziko Kilifi, nazingoja.

Mamako